Mganga Asiyejiganga Atamponya Nani?

Msomaji asidhani kwamba Bagamoyo ninayoizungumzia leo ni ile ya Pwani, yenye magofu na minazi. Hii ni Bagamoyo yetu ya Tukuyu, kata mojawapo ya Wilaya ya Rungwe, mahali ambapo mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, na ambapo jua likishatua mtu hutafuta sweta kabla ya kutafuta chakula. Jioni moja ya mvua nilijikinga chini ya upenu wa duka moja katika kata hiyo. Niliwakuta vijana wawili waliotangulia kujikinga hapo, kila mmoja amekunja koti lake jeupe na kulibana kwapani. Kwa mazungumzo yao nilitambua mara moja kwamba walikuwa wanafunzi wa fani ya afya, wanatoka katika mafunzo yao ya vitendo. Mmoja alinunua sigara moja, akaiwasha. Mwenzake akatoa mfukoni kitu mfano wa kalamu nene, akakivuta, kisha akapuliza wingu jeupe lenye harufu ya embe.

Alipoona ninamtazama, yule wa embe akanisalimu kwa adabu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hicho unachovuta ni nini?"

"Hii si sigara, Mwalimu. Huu ni mvuke tu. Hauna madhara."

Sikutaka kubishana naye mbele ya watu. Nikamwuliza jambo moja tu: anapokuwa wodini, naye mgonjwa wa kifua yuko mbele yake, humwuliza kama anavuta sigara? Kijana akacheka kidogo, akamtazama mwenzake, kisha akanijibu kwa ukweli ambao hadi leo ninamheshimu kwa ajili yake. "Swali hilo huwa siliulizi, Mwalimu. Nitaanzia wapi?"

Sitamtaja kijana yule wala chuo chake, kwa sababu kosa si lake peke yake wala si la chuo kimoja. Lakini jibu lake lilinifuata hadi nyumbani, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Wengi wetu tunapomwona mwanafunzi wa uuguzi au utabibu anavuta sigara, hufikiri habari ya mapafu yake. Ni haki kuyafikiria. Hata hivyo, hasara iliyo kubwa zaidi haimo katika mapafu yake. Imo katika swali asiloliuliza. Mtu mmoja akivuta, anaumia yeye na walio karibu naye. Mhudumu wa afya akinyamaza kwa sababu anavuta, wanaumia wote watakaopita mbele ya meza yake kwa miaka thelathini ya utumishi wake.

Tuzingatie uzito wa mtu huyu katika jamii yetu. Katika vijiji vya Rungwe, kama ilivyo katika vijiji vyote vya Tanzania, kila avaaye koti jeupe huitwa daktari, awe muuguzi, mkunga, ofisa tabibu au mtu wa maabara. Mkuu wa zahanati tumempa jina la heshima, mganga mfawidhi. Mkulima wa chai au wa migomba ambaye hasikii la mkewe, wala la mwenyekiti wa kijiji, husikia la mganga. Neno la mganga lina nguvu kwa sababu mgonjwa anaamini kwamba msemaji analijua na analifuata. Siku mgonjwa atakapomwona mganga huyo nyuma ya zahanati, kidole kimeshika sigara, hatahitaji kuambiwa chochote. Atajiambia mwenyewe kwamba mambo yale ya hatari ni maneno ya vitabuni.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, kwamba Watanzania si wavutaji wakubwa. Ni kweli kwamba hali yetu haijafikia ile ya mataifa mengine, nasi tunapaswa kushukuru. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 8.7 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi walikuwa wakitumia tumbaku ya aina moja au nyingine. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 14.6, na kwa wanawake asilimia 3.2. Lakini asilimia hiyo ndogo ni watu wapatao milioni 2.6. Nao hawa si watu wa kwenye makaratasi. Ndio wanaokuja hospitalini na kikohozi kisichokoma, na ndio ambao moyo na mishipa yao ya damu huharibika kabla ya wakati. Mvutaji hujiweka karibu zaidi na kifua kikuu, ugonjwa ambao bado unatusumbua. Mama mjamzito anayevuta huhatarisha uzito na uhai wa mtoto aliye tumboni. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na miongoni mwao wamo zaidi ya milioni moja ambao hawakuvuta, bali walivutiwa moshi na wengine. Taifa lenye wavutaji wachache lina nafasi ya kuzuia, na kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Nafasi hiyo tukiipoteza hatutaipata tena.

Makampuni ya sigara yaliufahamu zamani uzito wa koti jeupe. Huko Marekani, mwaka 1946, kampuni moja ilianza kutangaza kwa nguvu kwamba madaktari wengi zaidi walivuta sigara zake za Camel kuliko sigara nyingine yoyote. Haikusema kwamba sigara hizo zinaponya. Haikuwa na haja ya kusema hivyo. Ilitosha kumwonyesha daktari anatabasamu, sigara mkononi, na mwananchi akamaliza hoja mwenyewe. Wafanyabiashara hao walijua jambo ambalo sisi tunalisahau, kwamba daktari anayevuta ni tangazo ambalo halina haja ya kulipiwa.

Lakini madaktari haohao ndio waliogeuka kuwa ushahidi mkubwa dhidi ya tumbaku. Mwaka 1951 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliwaandikia barua madaktari wa nchi hiyo na kuwauliza habari za uvutaji wao. Wapatao 40,000 walijibu. Wataalamu hao wakaanza kuwafuatilia mwaka baada ya mwaka, wakihesabu nani amekufa na kwa ugonjwa gani. Kufikia mwaka 1954 ilikuwa imekwisha kuonekana kwamba madaktari wavutaji walikuwa wakifa kwa saratani ya mapafu kuliko wasiovuta. Uchunguzi huo uliendelea kwa miaka hamsini. Taarifa ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba, kwa wastani, mvutaji aliyeendelea kuvuta alipoteza miaka 10 hivi ya maisha yake. Ilionyesha pia habari njema: aliyeacha alipokuwa na umri wa miaka 30 aliikomboa karibu miaka yote hiyo, na aliyeacha akiwa na miaka 50 aliikomboa miaka sita hivi.

Mambo mawili katika habari hiyo yafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi wa afya. La kwanza ni kwamba Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, na matokeo ya uchunguzi wake wa awali yalipomfikia mezani, aliacha. Hakusubiri wagonjwa wake watangulie. La pili ni kwamba madaktari wa Uingereza, walipousoma ushahidi uliotokana na vifo vya wenzao, waliacha sigara kwa wingi na mapema kuliko wananchi wengine. Baada yao nchi ikaanza kubadilika. Mwaka 1962 Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha London kikatoa taarifa iliyotamka bila kumung'unya maneno kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu. Je, taarifa ile ingekuwa na uzito gani kama waliotia sahihi wote wangekuwa na sigara mdomoni?

Sasa turudi kwa kijana wetu na wingu lake la embe. Sigara ya umeme, au sigara ya kielektroniki kama inavyoitwa na wataalamu, ni kifaa chenye betri, waya unaopata joto, na kimiminika. Joto hugeuza kimiminika kuwa mvuke, naye mtumiaji huuvuta hadi mapafuni. Kifaa cha namna tunayoiona leo kilibuniwa na mfamasia wa Kichina aitwaye Hon Lik, mjini Beijing, mwaka 2003. Naye alikuwa mvutaji aliyetaka kuacha. Kimiminika hicho kwa kawaida huwa na viungo vya kutengenezea mvuke, vikolezo vya harufu na ladha, na mara nyingi nikotini. Na nikotini, awe imetoka katika moshi au katika mvuke, ndiyo ileile inayomfunga mtu kamba. Kumwambia Mwalimu kwamba "ni mvuke tu" ni sawa na kumwambia kwamba gongo ni maji tu kwa sababu nayo ni nyeupe.

Haki itendeke hata kwa kitu tunachokipinga. Ni kweli kwamba katika mvuke huo hakuna lami itokanayo na jani la tumbaku linaloungua, na kwamba sumu nyingi zilizomo katika moshi wa sigara hazimo humo au zimo kwa kiasi kidogo. Ni kweli pia kwamba tafiti zimeonyesha kuwa vifaa hivi vimewasaidia baadhi ya watu wazima kuachana na sigara, na huko Uingereza watumishi wa afya huvitumia kwa shabaha hiyo. Mtu aliyevuta pakiti moja kwa siku kwa miaka ishirini, akahamia kwenye mvuke na kuachana kabisa na moshi, amepunguza mzigo wake. Hoja hiyo siipingi.

Lakini hoja hiyo ni ya mvutaji wa zamani anayetaka kutoka. Si hoja ya kijana wa miaka 20 anayetaka kuingia. Yeye hakuwa na sigara ya kuiacha. Amevutwa na embe, na ubongo wake, ambao wataalamu hutuambia kwamba huendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia miaka 25, unafunzwa kuitegemea nikotini. Uingereza hiyohiyo inayotolewa mfano ilipiga marufuku, tangu tarehe 1 Juni 2025, uuzaji wa sigara za umeme za kutumia na kutupa, na miongoni mwa sababu ilizotoa ni kwamba zilikuwa zimewaingia watoto na vijana. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilizitaka serikali zichukue hatua za haraka. Wakati huo nchi 34 zilikuwa zimekataza uuzaji wa vifaa hivyo, lakini nchi 88 hazikuwa zimeweka umri wa chini wa mnunuzi, na nchi 74 hazikuwa na kanuni zozote juu yake.

Zaidi ya hayo, mvutaji wa mvuke hajui anachokivuta. Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na ugonjwa wa ghafla wa mapafu miongoni mwa watumiaji wa vifaa hivi. Kufikia Februari 2020 wagonjwa zaidi ya 2,800 walikuwa wameandikishwa, na 68 walikuwa wamekufa. Wachunguzi waligundua kwamba lawama kubwa ilikiangukia kiungo kimoja kilichochanganywa hasa katika vimiminika vyenye kilevi cha bangi, ambavyo wengi walivinunua kwa njia za uchochoroni. Wapo wanaosema kwamba basi sigara za umeme za kawaida hazikuhusika. Mimi nasema fundisho ni lilelile. Ikiwa nchi yenye maabara na wakaguzi wengi kiasi kile ilichukua miezi kutambua kilichomo ndani ya vichupa hivyo, je, muuza duka wetu atajuaje? Na kijana anayesomea dawa, ambaye darasani hufundishwa asimpe mgonjwa kidonge ambacho hajasoma lebo yake, kwa nini akubali kujipa mwenyewe dawa asiyoijua kipimo?

Nimewahi kuwauliza vijana kwa nini wanavuta, na sababu zao si za kudharauliwa. Wanataja baridi, zamu za usiku, na mitihani. Wanataja mgonjwa wa kwanza kufia mikononi mwao na usingizi uliokataa kuja siku ile. Wanasema sigara hutuliza. Hapo ndipo nikotini inapomdanganya hata mwenye elimu. Baada ya mwili kuizoea, mtu hupata wasiwasi kila inapopungua, naye akivuta wasiwasi ule huondoka. Basi husema ametulizwa. Kwa kweli amelipa deni ambalo nikotini yenyewe ilimkopesha, na kesho litadaiwa tena. Mwanafunzi wa afya anapaswa kuwa wa kwanza kuutambua udanganyifu huu. Akikosa kuutambua, tujiulize kama tulimfundisha.

Hapa ndipo wakubwa tunapoguswa. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walianza kuwachunguza wanafunzi wa mwaka wa tatu wa udaktari, uuguzi, meno na dawa katika nchi kumi, mojawapo ikiwa jirani yetu Uganda. Katika nchi nyingi kati ya hizo, zaidi ya mwanafunzi mmoja kwa kila watano alikuwa akivuta. Lakini lililo muhimu kwetu ni jambo jingine lililojitokeza. Wengi wa wanafunzi hao walisema kwamba mhudumu wa afya anapaswa kufundishwa namna ya kumsaidia mgonjwa kuacha tumbaku. Waliosema wamefundishwa hasa namna ya kufanya hivyo walikuwa wachache. Kwa hiyo yule kijana wa Bagamoyo alipouliza "nitaanzia wapi?" hakuwa anatania. Alikuwa anaeleza upungufu ambao umeonekana katika mabara mengine pia. Tunamfundisha kuitambua saratani inapokwisha kuingia, lakini hatumfundishi sentensi tano za kumzuia mtu asiipate.

Na sentensi zenyewe si ngumu. Mwulize kila mgonjwa kama anatumia tumbaku, iwe sigara, kiko, ugoro au mvuke. Mshauri kwa maneno ya wazi kwamba aache, na umweleze kwa ugonjwa wake mwenyewe. Mpime kama yuko tayari. Msaidie kuchagua siku ya kuacha na kupanga atafanya nini hamu itakapomjia. Kisha mpangie siku ya kurudi, ili ajue kwamba kuna mtu atakayemwuliza. Mazungumzo hayo huchukua dakika chache, hayahitaji mashine wala fedha za kigeni. Yanahitaji mtu mwenye ujasiri wa kuuliza, na ujasiri huo humtoka yule ambaye nguo zake zinanuka jibu.

Wasomaji wenye umri wangu wanakumbuka Azimio la Arusha la mwaka 1967 na masharti yake ya uongozi. Kiongozi hakutakiwa kuwa na mishahara miwili au zaidi, wala kuwa na hisa katika kampuni, wala kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalibadilishwa huko Zanzibar mwaka 1991, na historia itaendelea kuyajadili. Lakini fikra iliyokuwa ndani yake haijachakaa: kwamba anayewaongoza watu kuelekea mahali fulani hana budi yeye mwenyewe aonekane anakwenda huko. Mhudumu wa afya ni kiongozi. Vita vyetu dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini vilimweka yeye mstari wa mbele katika kundi la maradhi, kama vilivyomweka mwalimu mstari wa mbele katika kundi la ujinga.

Tukumbuke pia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kuisikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaondoka wakachimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba, wakaondoa madimbwi. Kampeni ile ilifaulu kwa sababu haikuishia katika maneno. Kiongozi wa kikundi ambaye hakuwa na choo nyumbani kwake hakuweza kuongoza majadiliano juu ya choo. Wanakikundi wenyewe wangemcheka. Sasa itakuwaje leo, tukiwa na vyuo vya afya na wataalamu wengi kuliko wakati ule, tuwatume vijana wetu vijijini wakafundishe usafi wa hewa huku mifukoni mwao mna moshi?

Basi nini kifanyike? Kwanza, mafunzo ya kumsaidia mtu kuacha tumbaku yawe sehemu ya lazima ya masomo katika kila chuo cha afya, yafanyiwe mtihani darasani na kukaguliwa wodini, kama yanavyokaguliwa mafunzo ya kupima shinikizo la damu. Jambo hili si la hiari kwetu. Tanzania iliukubali Mkataba wa Kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007. Kifungu chake cha 12 kinataka mafunzo kwa wahudumu wa afya na waelimishaji, na kifungu cha 14 kinataka watu wasaidiwe kuacha. Ahadi imekwisha kutolewa. Kinachobaki ni utekelezaji.

Pili, viwanja vya vyuo vya afya visiwe na moshi wala mvuke, na sharti hilo lianze na wakufunzi kabla ya wanafunzi. Lakini nawasihi wakuu wa vyuo wasikimbilie kumfukuza kijana anayevuta. Ukimfukuza umepoteza muuguzi ambaye taifa lina uhaba wake. Ukimtisha atavutia chooni, na mficha maradhi kifo humuumbua. Mwiteni, mwulizeni, msaidieni kuacha kwa hatua zilezile tunazotaka awafanyie wagonjwa. Mwanafunzi aliyesaidiwa kuacha atakuwa mshauri hodari kuliko yule ambaye hakuwahi kujaribu, kwa maana anaijua kamba kwa kuwa aliwahi kufungwa nayo.

Tatu, sheria itazamwe upya. Sheria yetu ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ilitungwa mwaka 2003, mwaka uleule ambao Hon Lik alikuwa akibuni kifaa chake huko Beijing. Waliotunga sheria hawakuweza kukitaja kitu ambacho kilikuwa hakijafika sokoni. Hilo si kosa lao. Lingekuwa kosa letu sisi tunaokiona kikiuzwa tukanyamaza. Mwaka 2016 Serikali yetu ilionyesha ushupavu ilipopiga marufuku shisha. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2015, ilikataza shisha na sigara za umeme kwa pamoja. Kama sisi tutachagua kukataza kabisa, au kuruhusu kwa masharti makali ya umri, vikolezo na matangazo, ni jambo la kujadiliwa na wataalamu pamoja na Bunge. Lisilofaa ni kuliacha bila jina, maana kitu kisicho na jina katika sheria hakina mwenyewe sokoni.

Nne, nawageukia walimu wenzangu wa shule za sekondari. Mwanafunzi hafiki chuo cha uuguzi akiwa karatasi tupu. Hutoka mikononi mwetu. Samaki mkunje angali mbichi, na kijana anayejifunza kuvuta akiwa kidato cha tatu tusitegemee kwamba koti jeupe litamwachisha.

Najua kuna swali ambalo msomaji ananingojea nalo. Atasema: katika mkoa wetu huuhuu wa Mbeya, wenzetu wa Chunya hulima tumbaku; huko Tabora na Ruvuma maelfu ya familia huishi kwa zao hilo, na taifa hupata fedha za kigeni. Je, nataka wakulima hao wafe njaa? La hasha. Mkulima wa Chunya anayesomesha watoto kwa jasho lake ni ndugu yetu, na mkataba niliouutaja unazitaka serikali zimtafutie mazao mbadala yenye faida badala ya kumtupa. Sisi wa Rungwe tuliobahatika kuwa na chai, ndizi na maparachichi hatuna haki ya kumkejeli. Lakini riziki ya mkulima haimlazimishi muuguzi kuvuta, wala haimzuii kumwuliza mgonjwa. Na fedha ambazo taifa hupata kwa tumbaku hazina budi zipimwe pamoja na fedha linazotumia kuwatibu waliougua kwa tumbaku, na pamoja na miaka ile 10 ambayo hakuna hazina inayoweza kuirudisha.

Wazee walisema mganga hajigangi. Walikuwa na maana kwamba hata mjuzi huhitaji msaada wa mwingine, na kwa maana hiyo walisema kweli. Ndiyo sababu nimeomba vijana wetu wasaidiwe. Lakini methali hiyo isiwe kisingizio. Mganga aweza kushindwa kujitibu ugonjwa uliompata. Hana sababu ya kujipaka ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe, kisha akakosa la kumwambia aliyekuja kwake kuomba tiba.

Mvua ile ya Bagamoyo ilipopungua, wale vijana wawili waliniaga wakaenda zao. Niliwatazama wakitembea, makoti yao meupe sasa wamejifunika kichwani. Baada ya mwaka mmoja au miwili mmoja wao atakuwa mganga katika zahanati fulani, peke yake, nao wanakijiji watapanga foleni mlangoni pake tangu alfajiri. Mzee mwenye kikohozi ataketi mbele yake. Siku hiyo hatutakuwapo sisi, wala mkufunzi wake, wala mbunge aliyetunga sheria. Kitakachokuwapo ni swali moja tu, nalo ama litaulizwa au halitaulizwa. Kazi yetu ni kuhakikisha, kuanzia sasa, kwamba kijana yule atakuwa na ulimi wa kuliuliza.